Sikupigwa Shoti, Nilifungiwa Kwenye Buti

Ile video mnayotumiana ina miguu yangu miwili, kelele za watu wengi, na uongo wa kutosha. Aliyeirekodi ni rafiki yangu, tunafanya kazi gereji moja, tunaazimana hadi spana, na maneno aliyoyaweka juu yake ni haya: "Fundi wa magari ya umeme kanaswa na umeme. Tumuombee." Na watu wakaomba kweli. Shangazi yangu kanipigia analia, anataka nihesabu vidole vyangu kwa sauti naye akisikia. Nikahesabu. Akaniambia nirudie mkono wa kushoto.

Basi leo nasimulia mwenyewe, tena kutoka ndani, maana hao wote wanaosimulia walikuwa nje.

La kwanza, sikupigwa shoti. Waya niliokuwa nautafuta ni wa volti 12, na hata hizo 12 nilikuwa nimeshazikata kwa mkono wangu. La pili, sikumlilia mama. Huyo anayeapa kwamba alinisikia kwa masikio yake nikiita "mama" hakosei, alisikia, ila lina maelezo yake na tutalifikia.

Gari ni la yule mama mwenye daftari. Mnamkumbuka: anayeandika kila kinachotokea kwenye gari lake, tarehe, mvua ilinyesha au haikunyesha, hadi redioni kulikuwa na kipindi gani. Mnamcheka, lakini mteja wa hivyo ni nusu ya kazi. Daftari lilisema taa tatu za njano zinawaka kwa pamoja, ya ABS (ule mfumo unaozuia matairi yasijifunge ukikanyaga breki), ya kuteleza na ya breki. Zinawaka akipita kwenye matuta. Akizima gari na kuliwasha tena, pengine hazipo. Na zikiwaka, nanukuu, "pedali inabadilika tabia."

Wengi wangeuruka huo mstari wa mwisho. Mimi niliuwekea alama. Gari hili ni haibridi, yaani linatumia injini ya mafuta na mota ya umeme, na haibridi ina breki za aina mbili chini ya pedali moja. Ukikanyaga taratibu, mota inageuka jenereta, inazuia matairi na kurudisha umeme kwenye betri kubwa. Ukikanyaga kwa nguvu, au gari likikaribia kusimama, pedi zinabana diski. Wewe dereva hujui nani anafanya kazi saa ngapi, kompyuta ya breki ndiyo inayogawa. Sasa ili igawe vizuri ni lazima ijue kila tairi linazunguka kwa mwendo gani. Ikikosa habari za tairi moja tu, magari mengi ya aina hii hayabahatishi: ABS inawekwa kando, kurudisha umeme kunasimamishwa, pedi zinabebeshwa mzigo wote. Mguu wa mtu makini unaisikia tofauti. Mguu wa mama ukaisikia, kalamu ikaandika.

Mashine ya kupimia ikatoa namba C0037, yaani mambo ya sensa, kile kifaa kinachosoma mwendo wa tairi, ya nyuma kushoto. Na hapa ndipo pesa za watu hupotelea. Gari lilipofika kwangu lilikuwa limeshabadilishiwa sensa, na ile mpya nayo ikabadilishwa kwa mpya zaidi. Mashine haisemi "sensa imekufa". Inasema "upande huu sipati habari." Inaweza kuwa sensa, plagi, waya, beringi, au kompyuta yenyewe. Siku hizi ile ringi ya meno iliyokuwa ikisomwa na sensa imeondolewa kwenye magari mengi, badala yake kuna sumaku zilizopangwa ndani ya sili ya beringi, huzioni kwa macho. Fundi akiipachika beringi kinyume, sumaku zinaangalia upande usio na sensa, basi mtabadilisha sensa hadi mzeeke.

(Nyie mnaoniandikia usiku, "fundi, nimepima sensa kwa ohmu haisomi kitu, imekufa?" Ohmu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme kupita. Nawajibu hapa hapa. Zile za zamani zilikuwa koili na sumaku, zimekuwepo tangu Bosch walipoleta ABS ya kielektroniki kwenye Mercedes-Benz mwaka 1978, na hizo ndiyo, unazipima ohmu, nyingi zinasoma karibu na 1,000. Za sasa ni vifaa vya kielektroniki. Zinapewa umeme na kompyuta ya breki, na zinajibu kwa mkondo unaoruka kati ya miliampia 7 na 14. Ohmu hazikwambii chochote, na hiyo mita yako inaweza hata kuiumiza. Acheni. Nalala mimi saa hizo.)

Nikaliingiza barabarani, mashine ikichora mistari minne ya matairi manne. Mitatu imetulia. Wa nyuma kushoto, kila nikigusa tuta, unadondoka hadi sifuri, unapanda. Nikarudi, nikaliinua, nikautikisa waya wa chini kwenye sensa: hakuna kitu. Nikautikisa pale unapopenya kwenye bodi: ukadondoka. Kwa hiyo ugonjwa uko juu, ndani ya bodi ya ubavuni, nyuma ya plastiki za buti, jirani kabisa na betri kubwa.

Jirani na betri kubwa. Kumbukeni maneno hayo.

Maana mimi ndiye niliyekwenda kusomea mambo haya, na nilivyorudi niliwachosha wenzangu. Chochote kinachozidi volti 60 za umeme wa betri kinahesabiwa ni cha kuua, waya wa rangi ya chungwa haushikwi kwa mazoea, glavu zinajazwa hewa kabla ya kuvaliwa ili uone kama zinavuja. Nikabandika karatasi ukutani, herufi kubwa nyekundu, kichwa chake "MWENZAKO AKIPIGWA NA UMEME". Nikainunulia gereji na ile ndoano ndefu isiyopitisha umeme, ya kumvutia mtu aliyenaswa. Walinicheka. Dogo anayejifunza kwangu ndiye pekee aliyeisoma ile karatasi hadi akaikariri, na nilimsifu mbele ya watu. Naomba mjue nilimsifu mwenyewe.

Basi siku hiyo nikafuata utaratibu wote. Nikafungua buti, nikatoa waya hasi wa betri ndogo, ambayo kwenye gari hili ipo humo humo kwenye buti, upande wa kulia. Sababu: ukifungua mlango wa dereva tu, pampu ya breki inaamka na kunguruma ikijaza presha, na mimi nilikuwa nachomoa plagi ya kompyuta ya breki, sitaki iamke. Nikatoa plagi ya usalama ya betri kubwa, ile yenye mpini wa chungwa. Nikaiweka mfukoni, ndivyo tunavyofundishwa, ili asitokee mtu mwema akairudisha wewe ukiwa ndani. Nikasubiri kapasita, vile vifaa vinavyobaki na umeme hata ukishakata, zitoe chaji kama kitabu cha gari kinavyotaka. Nikapima. Sifuri. Nikamtuma dogo akalete taa ndogo ya kichwani.

Nikaingia.

Tundu lenyewe linatosha mkono mmoja wa mtu asiyependa kula. Nikalalia ubavu wa kulia, nikapenyeza mkono wa kushoto hadi kwenye kwapa, shavu limebanwa kwenye bati, kichwa nusu kimezama kwenye uwazi wa bodi. Jua lilikuwa linapiga kwenye kioo cha mita, namba hazionekani, nikajifunika ile nguo ya kijivu tunayotandika kwenye bodi tusikwaruze rangi. Kuna kitu kilikuwa kinanichoma ubavuni, nikadhani bisibisi. Vidole vikaugusa waya. Ukawa mbali kidogo. Nikavuta miguu ndani, nikajikunja kama jongoo aliyeguswa, ili nipate sentimita mbili za ziada.

Hapo ndipo mama alipotoka kwenye benchi la wateja kunyoosha miguu.

Nilimsikia. Hili ndilo linaloniuma. Nilimsikia vizuri kabisa akisema peke yake, "Jamani, buti wameliacha wazi, na vumbi lote hili." Nikalielewa kila neno. Nikakubaliana naye hata, nikasema moyoni kweli, hawa vijana wana uzembe, gari la mtu linaachwa wazi. Haikunijia kabisa kwamba buti linalozungumziwa ni lile ninaloishi.

Giza likaingia taratibu kuanzia miguuni. Halafu: *kli.*

Kile kitasa kinafunga bila umeme. Kufungua ndiko kunakotaka umeme. Umeme nimeukata mwenyewe. Betri iko humu humu, mgongoni kwangu, na waya wake hasi nimeuzungushia kitambaa kwa usalama. Kuna kiwenzo cha dharura, najua, ninawafundisha watu: kiko ndani ya mlango wa buti, nyuma ya kifuniko kidogo cha plastiki, karibu na kitasa. Yaani usawa wa viatu vyangu. Mkono wa kulia nimeulalia. Mkono wa kushoto, nilipojaribu kuutoa, kifungo cha mkono wa ovaroli kikawa kimeshajinasa kwenye kipande cha bati, na kadiri ninavyovuta ndivyo kinavyonishika. Simu ipo juu ya paa la gari.

Neno la kwanza lililonitoka, na sijui lilitoka wapi, ni "Hodi."

Mama akajibu, "Karibu!"

Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Nadhani alikuwa anaangalia getini.

Nikarudia, kwa sauti zaidi, "Hodi, mama!" Akasema, "Karibu, pita, mafundi wapo!" Ndipo nikapiga mateke na kupaza sauti: "Mama! Mama! Mama, fungua!" Mmesikia? Nilikuwa namwita mteja. Mama mwenye gari. Ningemwitaje? Mtu mzima yule, mama wa heshima, nimwite kwa jina? Sasa rafiki yangu alikuwa anapita na chuma chake begani, kasikia mtu mzima analia mama ndani ya buti, na mengine mnayajua.

Mama alipiga ukelele mmoja tu ila ulikuwa kamili. Baadaye aliniambia, kwa upole wote, kwamba alipoangalia ndani ya buti aliona kitu cha kijivu akadhani ni turubai kuukuu.

Dogo akaja mbio. "Fundi! Umepatwa na nini?"

Nikavuta pumzi, nikamjibu kwa ufasaha: "Sijapigwa na umeme! Nimefungiwa tu!" Lakini kumbukeni kichwa kiko wapi. Kimezama kwenye bodi, mdomoni kuna nguo. Kilichofika nje ni mwisho wa maneno. Wenyewe walisikia: "...PIGWA NA UMEME!"

"KAPIGWA NA UMEME!" Dogo huyo. Ana sauti nzuri, nimemwambia mara nyingi aende kwaya.

Gereji nzima ikahamia pale. Nikasikia viatu, spana zikidondoka, mtu anauliza yupi, anajibiwa yule yule wa karatasi. Kisha mkono ukagusa mlango wa buti, nikasema alhamdulillahi, na dogo akafoka: "Hakuna kushika! Someni ukutani!"

Wakaenda kuisoma. Namaanisha waliibandua, wakaileta, na dogo akawa anaisoma kwa sauti kuu mbele ya umati, na mimi ndani nasikiliza maandishi yangu.

"Moja! Usimguse kwa mikono mitupu!"

"Rudini nyuma nyote," mtu akasema.

"Mbili! Gari lizimwe, ufunguo upelekwe mbali!"

Mama akakabidhiwa kazi hiyo. Akaupeleka ufunguo mbali. Tulikuja kumtafuta baadaye, alikuwa ameshavuka barabara.

"Tatu! Toa plagi ya usalama!"

"Iko wapi?"

"Kwenye buti."

"Buti si limefungwa?"

"Fundi huwa anaitoa, anaiweka mfukoni."

"Mfuko gani?"

"Wa ovaroli."

"Ovaroli iko wapi?"

"Kavaa."

Kimya kidogo. Nilihisi wanafikiri.

"Kwa hiyo kama iko mfukoni, imeshatolewa."

"Imeshatolewa."

"Haya, endelea ya nne."

Nikafumba macho, japo giza lilikuwa lile lile. Kwa sababu ya nne naijua. Ya nne niliipigia mstari mara mbili.

"Nne! SUBIRI ANGALAU DAKIKA 10 KAPASITA ZITOE CHAJI!"

Na wakasubiri.

Mtu akaweka alamu kwenye simu, nikaisikia ikilia *ti* kuanza. Nilipiga mateke. Wakasema hiyo ni misuli, umeme ukimwingia mtu misuli inarukaruka yenyewe. Niliita jina la dogo. Dogo akasema, kwa sauti ya huzuni lakini thabiti, "Vumilia fundi, zimebaki nane." Nikamsikia akijaza glavu hewa, akizikandamiza, akizisikilizia kama zinavuja. Alifanya moja, akafanya na ya pili. Sijawahi kumchukia mtu na kujivunia mtu kwa wakati mmoja namna ile.

Sasa mtu ukifungiwa, mkono uko ndani ya bodi ya gari la mteja, huna cha kufanya, utafanyaje? Nikaendelea na kazi.

Nikaufuata ule waya kwa vidole. Nyaya za sensa ni mbili, na zimesokotwa pamoja toka kiwandani, kwa makusudi: gari hili lina inveta, kifaa kinachougeuza umeme wa betri kubwa uifae mota, na inaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde, kelele zake zikiruka zinagusa nyaya zote mbili sawasawa, zinafutana. Nikawa nahesabu misokoto kwa kidole gumba. Msokoto, msokoto, msokoto, halafu ikakoma. Nyaya zimeachana. Mbele kidogo nikagusa uvimbe. Unanata. Selotepu! Kuna mtu, simjui na sitaki kumjua, aliwahi kuukata waya huu, akaunga kwa kusokota na vidole, akazungushia selotepu, akafunika na plastiki, akaenda zake nyumbani akalala usingizi. Na mpira wa tundu pale chini umechanika, maji ya tairi yamekuwa yakiingia miaka. Nikakwangua kwa ukucha, ikatoka unga. Sikuuona lakini naijua rangi yake, ni kijani. Shaba iliyolowa.

Pigeni hesabu. Ohmu 100 tu za kutu hiyo, kwenye mkondo wa miliampia 14, zinakula volti 1.4. Gari likitikisika zinakuwa ohmu elfu, sensa inazimika, taa tatu zinawaka, breki inabadilika tabia, mama anaandika kwenye daftari. Sensa zote mbili walizozitupa zilikuwa nzima! Nilifurahi, jamani. Katika hali ile, nilifurahi kiasi cha kupiga kelele: "NIMEIPATA! NIMEIPATA!"

Nje pakatulia.

"Anasema nini?"

"Anasema amepata."

"Amepata nini?"

"Anaweweseka. Ndiyo hatua yake hiyo."

Mama, ambaye alikuwa bado ng'ambo ya barabara, akaanza kuomba kwa sauti iliyofika hadi kwangu.

Alamu ikalia. Mlango wa nyuma wa abiria ukafunguliwa, kiti kikalazwa, na mwanga ukaingia. Mbele ya mwanga nikaona ndoano. Nyuma ya ndoano glavu, zimefika hadi viwikoni. Nyuma ya glavu dogo, anatetemeka, macho ya mtu aliyekwenda kuokoa maisha. Kichwa nilikuwa nimeshakichomoa kutoka kwenye bodi, nguo imeanguka. Tukatazamana. Nikamwambia kwa utulivu, maneno yote yakasikika: "Dogo. Mimi mzima. Nimefungiwa. Vuta tu kile kiwenzo kwenye mlango."

Akasema, "Usiongee fundi, unapoteza nguvu."

"Mimi ndiye niliyeandika hiyo karatasi!"

"Ndiyo maana tunaifuata, fundi."

Ndoano ikaja. Ilipita sikioni, ikanikosa bega, ikashuka mgongoni, ikakamata ovaroli pale kiunoni. Dogo akageuka nyuma akapiga kelele, "NIMEMNASA! VUTENI!" Sikujua kuna watu nyuma yake. Walikuwepo. Walikuwa wamepanga mstari.

Hapa naomba nisimulie polepole kwa sababu nimepitia yote nikiwa na akili zangu timamu. Mpini wa ndoano unavutwa na wanaume waliozoea kutoa giaboksi kwa mikono. Mimi nakwenda. Mkono wa ovaroli hauendi, bado kifungo kimenasa kwenye bati. Kwa muda fulani nilikuwa mrefu kuliko nilivyozaliwa. Nikasema "ngojeni". Nje wakasema "anapumua, vuteni!" Vifungo vya kifuani vikaanza kuachia kimoja kimoja, *ta*, *ta*, *ta*, bila haraka, kila kimoja na sauti yake. Bega likachomoka kwenye nguo. Kiwiko kikachomoka. Na nilipoanza kupanda juu ya mgongo wa kiti, chini ya ubavu wangu kitu kikalia *kwa!*, na mimi nikajua ubavu umekwenda.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma, matako kwanza, ovaroli imebaki ndani hadi kiunoni, kiatu kimoja kimebaki nayo. Video inaanzia hapo. Ndiyo, soksi ina tundu. Mmeandika sana kuhusu lile tundu. Mnaweza kupumzika sasa.

Waliponiweka chini, rafiki yangu, bado anarekodi, aliniuliza naona vidole vingapi. Kwenye video hamtasikia nilichomjibu, amekifuta, na kwa hilo tu namshukuru.

Mengine hayana maneno mengi. Nilikata ule uozo, nikaunga upya kwa risasi na mpira wa kusinyaa, nikazisokota nyaya hadi mwisho, nikabadilisha mpira wa tundu, nikarudisha plagi ya usalama, nikarudisha betri. Nikafanya mpangilio wa sifuri wa pedali na usukani kwa mashine, ili kompyuta ijue upya vinapoanzia. Nikafuta namba, nikalipeleka kwenye matuta yale yale, mistari minne imelala pamoja, breki inarudisha umeme. Mama akaitwa kutoka ng'ambo na ufunguo wake. Alilipa, akaomba radhi, nikaomba radhi, akaomba tena. Karatasi imerudi ukutani, dogo ameiongezea mstari mmoja kwa kalamu: "Kwanza hakikisha kweli amepigwa." Sijaufuta.

Ila ubavu uliendelea kuuma, nami nikawa natembea nimeushika, nasubiri nipate nafasi nikapige picha. Jioni mama akaniandikia. Taa hazijarudi, pedali ina tabia nzuri, ameshaandika kwenye daftari. Chini yake akaongeza: "Samahani fundi, ulipokuwa mle ndani, hukuona miwani yangu ya kusomea? Huwa naiweka upande wa kulia, chini ya zulia."

Hapo ndipo nilipojua ubavu wangu haujavunjika.